Mbao Tatu za Kasuku

Jumatatu, 6 Machi

Kasuku wa tano amekufa. Dada kanipigia saa mbili asubuhi, mimi niko chini ya fotokopi ya watu wa bima, naitengeneza, wino mpaka kwenye viwiko. Hata salamu hakunipa. "Mwingine kaenda." Basi. Walikuwa tisa. Wamebaki wanne, na mmoja kati ya hao ana kikohozi.

Niandike mambo yalivyo, maana najijua, wiki mbili zikipita nitaanza kujidanganya. Kasuku ni kisanduku cha mbao: kibodi juu, spika pembeni, skrini hakuna. Ndani mna kompyuta ya ubao mmoja, nzima nzima inaenea kiganjani. Inawasomea vitabu wanafunzi wa Dada kule shule ya wasioona, nao wanaiandikia majibu. Visanduku tulivitengeneza mimi na yeye, miaka sita iliyopita. Mfumo wa ndani ni wa chanzo huria, yeyote ana ruhusa ya kuufungua na kuurekebisha, unatunzwa na watu wa kujitolea waliotapakaa huko na huko, sijawahi kumtia machoni hata mmoja wao. Sasa kiwanda kilichokuwa kinatoa ubao wenyewe kimeacha. Haupatikani hata kwa dawa.

Jioni nikakuta barua ya Nahodha. Ndivyo tunavyomwita anayewaongoza wale wa kujitolea. Mtu wa maneno machache! Kasema mfumo lazima uhamishiwe kwenye ubao mpya, na mikono waliyonayo inatosha ubao mmoja. Si miwili. Nichague mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayewajua wanaotumia. Nimjibu kabla Ijumaa tarehe 31 haijaisha.

Tarehe 31! Siku hiyohiyo Mwalimu mkuu anabandika ratiba ya muhula ujao. Ameshamwambia Dada: bila mashine zinazotosha, vipindi vya Kusoma kwa Sikio vinafutwa, na yeye anarudi bwenini kuwa mlezi. Miaka sita ya darasa, halafu mtu arudi kuhesabu mashuka. Haki ya Mungu, haitokei.

Jumanne, 7 Machi

Mbao zimefika, tatu. Nimezichukua kwa Fundi wa redio, mtaa wa nyuma, ndiye anayenipokelea mizigo. Kazitazama, kanitazama. "Hizi ndizo zinazokukondesha? Mbona kama biskuti?" Nikamwambia biskuti mtu anazila, hizi zinamla mtu.

Majina ya kiwandani ni namba tupu, kwa hiyo nimezipa ya rangi. Mwekundu: mpya, ana mbio, kila unayemuuliza anamsifu. Kijani: wa katikati, mpole. Buluu: mzee, mzito, lakini karatasi zake zote ziko wazi. Kurasa elfu moja na mia nne! Nani atasoma?

Mimi.

Nimeunganisha skrini, kibodi, adapta. Meza ya chakula haina tena kazi ya chakula mpaka mwezi uishe.

Alhamisi, 9 Machi

Dada kapitia akitoka kazini. Kazipapasa mbao moja moja. Vidole vya mtu huyu! Kagundua kipoza joto cha Mwekundu kimekaa upande. Mimi nimekitazama siku mbili sijakiona.

Kafika kwenye tundu pana la Kijani. "Hili la nini?" La skrini. "La kazi gani kwetu?" Nikacheka. Nikamwambia kila ubao unalo, wala lisikusumbue. Akasema haya. Akaniuliza upi kati ya hizi unaosema. Nikajibu hakuna, bado. "Sasa unachagua nini, rangi?"

Ana ulimi, dada yangu. Kanywa chai vikombe viwili, kaosha vyote, kaondoka.

Jumapili, 12 Machi

Kwa Mama. Mama kauliza kama hivyo vidude vitakuwa tayari, nikasema vitakuwa. "Visipokuwa?" Nikasema Mama, vitakuwa. Akanyamaza. Mama akinyamaza ujue amesema.

Alikuwa anaanika nguo, nami nampa vibanio. Ghafla kasema: "Unakumbuka ulivyokuwa ukimsomea?" Nakumbuka. Dada macho yalikwisha akiwa na miaka tisa, mimi saba. Kila siku baada ya shule nilikuwa namsomea, ngazini pale nyuma. Vitabu vyake vya darasani, hadithi, hata maandishi ya kwenye mifuko ya sabuni akitaka. Miaka minane. Halafu nikachoka. Hakuna kisa kingine, nilichoka tu. Nilikuwa na rafiki zangu, nikaanza kuruka kurasa. Nilidhani hajui. Siku moja akaniambia kwa upole kabisa: "Leo umeruka tatu. Acha tu, mdogo wangu, nenda kacheze." Sikumsomea tena. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kasuku nilimtengeneza kwa sababu hiyo. Watu wananisifu nina moyo wa kusaidia. Moyo gani! Ni deni la ngazini lile.

Jumatano, 15 Machi

Mwekundu nje.

Ana mbio kweli, sikatai. Ila nusu ya vitu vyake vimefungwa. Kiwanda kinatoa kipande cha programu kilichosagwa tayari, ndani hakisomeki, wanasema weka hivihivi, usiulize. Nimeuliza. Nimewaandikia barua mara tatu. Ya nne wamenijibu wananishukuru kwa kuwa mteja wao. Halafu ndani ya kisanduku anapata moto mpaka gundi ya spika inalainika. Aende zake.

Bosi kauliza kwa nini nasinzia kwenye ngazi za watu wa bima. Nimesema ni vumbi la wino.

Alhamisi, 16 Machi

Buluu amesema! Sauti safi. Lakini, jamani, uzito. Unabonyeza herufi, unahesabu moja, mbili, ndipo anaitamka. Dada kasikiliza kwa simu. Nikamwekea na kasi yake. Yeye anasikiliza kwa kasi ambayo mimi nasikia mbu tu, "zzzz", na yeye anakuelezea ukurasa mzima. Akasema, huyu akimsubiri mwanafunzi wangu, mwanafunzi atakuwa ameshamaliza shule.

Nimemweka pembeni. Kurasa zake mia tisa na kitu nimesoma bure.

Jumamosi, 18 Machi

KIJANI! Kijani, Kijani, Kijani!

Saa nne asubuhi kawaka, saa nne na robo katamka "karibu" kwa sauti ya kasuku yuleyule wa zamani. Nimeruka mpaka kikombe kikaanguka. Hakuna kusubiri, unagusa anatamka. Hana joto. Karatasi zake si mbaya. Kuna kipande kimoja tu kilichofungwa, kidogo, nacho ni cha picha kwenye skrini. Hakituhusu ndewe wala sikio.

Nimempigia Dada, nikambandikia simu kwenye spika. Kasikiliza. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kumbe analia. Dada yangu halii ovyo. Nikalia na mimi, tukaanza kuchekana, wewe unalia nini, na wewe unalia nini.

Jumatatu, 20 Machi

Nimemwandikia Nahodha: Kijani. Nimemtumia na matokeo ya majaribio yote, kurasa nne. Kajibu baada ya saa moja. Swali moja: nimemjaribu jinsi atakavyotumika? Nikajibu ndiyo. Hata sikusita. Watu watatu wa kujitolea wameanza kazi leo, siku kumi na moja kabla ya mwisho. Nani kama mimi!

Ijumaa, 24 Machi

Sijui nianze wapi. Nianze na shati. Nilivaa shati jipya, kama naenda kuposa.

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nikampakia Kijani kwenye kisanduku cha kasuku aliyekufa, nikafunga skrubu nne, nikafika shuleni saa tatu. Dada alikuwa amewapanga wanafunzi wote thelathini na mmoja, madawati matatu matatu. Mwalimu mkuu kasimama mlangoni na faili kwapani. Si mtu mbaya. Kanishukuru mbele ya watoto, kasema leo ni siku kubwa.

Dada akabonyeza swichi.

Kimya.

Tukasubiri. Taa ndogo ya kijani ndani ya tundu la hewa inawaka, mimi naiona, najua amewaka. Lakini sauti hakuna. Nikazima, nikawasha. Kimya. Mtoto mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kasuku huyu bubu!" Darasa zima likaangua kicheko. Dada naye alicheka kidogo, ila mikono yake ilikuwa inatafuta pembeni mwa kisanduku, inapapasa, kama mtu anayemtafutia mgonjwa mapigo. Sitaisahau.

Nikajaribu mara tano. Nilitokwa na jasho mpaka shati jipya likaning'ang'ania mgongoni. Mwalimu mkuu akasema hakuna neno, mambo ya mashine ndiyo hayo. Akatazama faili lake. Akamwambia Dada kwa adabu kwamba ratiba iko palepale, Ijumaa ijayo saa tisa. Halafu akaenda zake, na viatu vyake nikavisikia korido nzima.

Nyumbani nimefungua kisanduku, nimechomeka skrini. "Karibu," kasema. Nimechomoa skrini, nikawasha upya. Bubu. Nimechomeka. "Karibu." Nimechomoa. Bubu.

Nimekaa chini sakafuni.

Ndani ya chipu ya Kijani sauti haina mapigo yake yenyewe ya kuiendesha. Inaazima ya upande wa picha. Skrini isipokuwepo, upande wa picha unalala. Ukilala, na sauti inalala nao. Na upande wa picha ndio uliomo kwenye kile kipande kilichofungwa. Kile ambacho hakituhusu ndewe wala sikio!

Wiki mbili na nusu nimejaribu mashine ya wasioona huku nimeikodolea macho kwenye skrini. Kila siku, kila jaribio, skrini imechomekwa, kwa sababu mimi bila skrini sijui nianzie wapi. Na aliniuliza! Alishika tundu lenyewe kwa kidole chake akaniuliza la kazi gani kwetu. Nikacheka.

Nimemjaribu jinsi atakavyotumika? Ndiyo, nikasema. Mjinga mkubwa.

Jumamosi, 25 Machi

Dada kaja bila kupiga simu. Nilitaka nijifiche chooni. Nikamweleza yote, mpaka lile la mapigo ya kuazima. Kanisikiliza, mikono magotini.

Akasema, "Kwa hiyo shida ni kwamba unaona."

Nikasema usinitanie. Akasema hatanii. Akasema kwa miaka yote watu wamemtengenezea vitu, na kila kitu kina shimo la mtu anayeona: kitufe kisichoshikika, taa ya kukuonya. Sasa na mimi. "Nilidhani wewe umekwisha kuzoea." Hilo limenichoma. Nikamjibu vibaya, nikasema basi uchague mwenyewe. Akasema hukuwahi kunipa nichague, ulinipa nipapase.

Halafu akauliza kama kuna chai. Nikainuka kuchemsha, machozi yanadondokea kwenye sufuria, yeye anasikia ninavyovuta kamasi. "Punguza chumvi basi," kasema.

Ndiyo dada yangu huyo.

Jumapili, 26 Machi

Nimemwandikia Nahodha ukweli, bila kujipamba. Nilisema ndiyo, jibu lilikuwa hapana. Nimeandika na kufuta mara sita. Kajibu mistari mitatu. Wa kwanza: watu watatu wamepoteza wiki yao. Wa pili: asante kwa kusema mapema. Wa tatu: tarehe haisogei, mmoja tu, na safari hii nitumie mashine, nisiitazame.

Haya. Nimejipiga moyo konde. Ziko njia mbili, na siku tano.

Ya kwanza, kumdanganya Kijani. Nimekwenda kwa Fundi wa redio, kafungua duka Jumapili kwa ajili yangu, Mungu ambariki. Nimemwomba plagi ya uongo, itiwe kwenye lile tundu ili Kijani aamini ana skrini. Kacheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo naunda skrini hewa!" Kaiunganisha kwa dakika ishirini na mkono hautetemeki. Mara ya kwanza, "karibu." Ya pili, "karibu." Ya tatu bubu. Ya nne na ya tano sawa. Anagoma anapojisikia, na kwa nini hatutajua, maana kipande kimefungwa.

Ya pili, Buluu. Mzee wa watu, ana mapigo yake mwenyewe ya sauti. Ukurasa wa 911, nimeusoma tarehe 13 nikaupita kama sijauona! Ila ule uzito wake.

Jumanne, 28 Machi

Skrini iko kwa jirani. Nimempelekea kabisa, nikamwambia usinirudishie hata nikija kupiga magoti. Kasema hana neno, kwanza ataitumia kuangalia mpira.

Laptopu ninayo ya kuandikia programu. Lakini kila jaribio la Buluu nalifanya kwa sikio na vidole tu, laptopu imefungwa. Siku ya kwanza ni vichekesho. Nimeandika sentensi moja dakika tisa. Nimepotea kwenye orodha ya vitabu, nikawa sijui niko wapi, nikataka kulia, nikakumbuka watoto wa darasa la tatu wanaipita orodha hiyo huku wanapigana makonde chini ya dawati.

Lakini sikio limenipa nilichokikosa kwa macho! Buluu si mzito wa kufikiri. Anafikiri haraka tu. Anachofanya ni kukusanya sauti kwenye ndoo, na hamimini mpaka ndoo ijae. Kwenye skrini maandishi yalitokea papo hapo, nikasema ubongo mzuri, kifua kizito, nikamwacha. Kumbe ni ndoo! Nimebadilisha ndoo nikampa kikombe. Sekunde mbili zimekuwa nusu.

Dada kwa simu: "Endelea kupunguza."

Jumatano, 29 Machi

Kikombe cha chai. Kikombe cha kahawa. Kijiko. Sasa unagusa anatamka. Hata yeye Dada amekubali: sawa na Kijani.

Ila sasa ana kwikwi. Kwenye kasi ya Dada, kila mistari kumi au kumi na miwili, anakwama kidogo na kumeza silabi. Kijiko kinakauka kabla hakijajazwa. Nikirudisha kikombe, kwikwi inaisha, uzito unarudi. Nimezunguka hapo tangu alfajiri mpaka saa ya kazi, na kazini nimeifunga fotokopi ya bima na skrubu mbili zimebaki mezani. Bosi kaziona. Nikazitia mfukoni. Vumbi la wino tena?

Alhamisi, 30 Machi

Nimefika mwisho wa akili zangu. Nakiri. Mmoja anasema vizuri na siku nyingine anakuwa bubu. Mwingine hawi bubu kamwe, ana kwikwi. Nahodha kasema kwikwi inaweza kutibika, lakini ni wiki, pengine miezi, na hapewi ahadi mtu.

Nimekaa mezani tangu asubuhi — nimeomba siku nzima, bosi kakubali shingo upande — nikaandika faida na hasara. Halafu nikaichana karatasi. Nani kaniambia ni mimi wa kuchagua? Nahodha. Kwa sababu mimi ndiye ninayewajua wanaotumia. Nawajua! Nimewajua kwa nyuma ya skrini.

Nimewaweka wote wawili kwenye visanduku vinavyofanana, skrubu nne nne, Kijani na plagi yake ya uongo ndani. Nikavipeleka shuleni. Nikamwambia Dada: nimekaa kwenye kiti chako muda wote, shika kiti chako. Wewe na wanafunzi. Barua ya Nahodha utaiandika wewe. Mimi nitatia jina langu chini kama unalitaka, nitafanya kazi yoyote mtakayochagua, iwe ya plagi au ya kwikwi, mpaka iishe.

Halafu kauliza kipi kina Kijani. Nikamwonyesha, nikamshika mkono nikauweka juu. Akasema, "Sasa toka nje, unapumua kwa nguvu."

Kupitia dirisha niliwasikia mpaka kengele ya mchana. Kasi ya mbu, kasi ya mbu, kicheko, kimya kirefu, kasi ya mbu. Sikuchungulia. Nilitamani, lakini sikuchungulia.

Ijumaa, 31 Machi

Naandika nikiwa darasani, saa nane na dakika ishirini. Niko kwenye dawati la mwisho, magoti yamenifika kidevuni. Wanafunzi wako kwenye mapumziko, nawasikia uwanjani. Daftari nimeliweka juu ya paja.

Mwalimu mkuu kapita saa saba. Ratiba anayo, karatasi kubwa, na pini nne mdomoni. Kamuuliza Dada: tuweke vipindi au tusiweke? Dada kasema saa tisa utanijibu mwenyewe ukisikia. Kashangaa. Kaangalia upande wangu, kama mimi ndiye mwenye jibu. Nikamwinulia mabega. Kaondoka na pini zake.

Visanduku viwili viko mezani pake. Kimoja kimezimwa. Kingine anakiandikia. Kipi ni kipi? Sijui! Usiku amevibadilisha mahali, ama mtu kavihamisha wakati wa kufagia. Vinafanana kama mapacha, skrubu nne nne, mfuniko umefungwa. Spika haisemi kwa sababu amechomeka vile visikizio vyake. Ningekisikia hata kwa sekunde moja ningejua: kwikwi au hakuna kwikwi.

Nimemuuliza, "Umeamua?" Kainua kidole, nisubiri.

Anaandika kwa haraka sana. Anasimama, anasikiliza, anarudi nyuma, anafuta, anaendelea. Hapo katikati amekunja uso, nikafikiri ndiyo kwikwi hiyo. Halafu akatabasamu, nikafikiri hapana, ni Kijani, anateleza. Nimejaribu kumsoma usoni kila namna. Patupu.

Nimemwambia, "Unaandika nini?"

"Namwandikia Nahodha."

"Najua unamwandikia Nahodha. Unasemaje?"

"Barua ni ndefu. Kuna na ya kwako humo."

Nikainuka, nikaenda nikasimama nyuma ya bega lake. Mazoea! Nimesimama pale nimeinama, namtafutia skrini, mbele yangu kuna ubapa wa mbao na vidole vyake. Hakuna cha kusoma. Akasikia nimeinama, akaanza kucheka, hakugeuka.

"Nenda kakae, mdogo wangu. Nikimaliza nitakusomea."

"Yote?"

"Yote. Mimi siruki kurasa."

Nimerudi kwenye dawati langu. Saa nane na dakika thelathini na mbili. Koridoni nasikia viatu vya Mwalimu mkuu, bado viko mbali. Dada kaacha kuandika. Kasogeza kiti. Amechomoa visikizio, ameweka mkono kwenye kitufe cha spika, ananiuliza kama niko tayari, na mimi naweka kalamu chini, nisikilize.